Penseli ya Damu ya Mzee

Mdogo wangu alipiga pasi maisha yake yote, na ukimtazama tu unajua. Alikuwa mkuu wa chumba cha pasi katika kiwanda cha dobi, wanakofua mashuka ya hoteli na hospitali, na wenzake wa kule walimwita Bwana Pasi, mbele yake na nyuma yake. Jina lilimkaa, tena alilipenda. Aliamini kwamba dunia nzima ni shuka lililokunjamana, na kwamba kitu kisipokandamizwa hakinyooki. Akakandamiza mashuka, akakandamiza vijana wa kazini, akamkandamiza na marehemu mkewe, mwanamke ambaye kosa lake pekee lilikuwa kupenda kulala mchana. Alipostaafu, akabakiwa na meza ya kulia chakula na mimi. Mimi sikandamiziki. Mimi ni dada yake mkubwa, nimembeba mgongoni akinikojolea, na mtu uliyempenga makamasi hawezi kukutisha kwa kupandisha sauti.

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, binti. Samaki mkunje angali mbichi, alikuwa akisema kila tulipokaa, na samaki wake akamkunja barabara: shule aliyoitaka yeye, masomo aliyoyataka yeye, kisha chuo cha uuguzi alichokitaka yeye. Binti akakunjika mpaka siku alipochoka kukunjika. Aliacha chuo katikati, akaja nyumbani na mfuko wa penseli za rangi, akasema kwamba anataka kuchora picha za vitabu vya shule. Baba yake alisimama pale pale mezani, kijiko mkononi, akatamka maneno ambayo niliyasikia kwa masikio yangu haya.

"Mpaka hizo penseli zikulishe, usiniite baba."

Sasa, maneno kama hayo ukimwambia mtoto mwenye kichwa laini, atalia usiku na asubuhi yataisha. Lakini huyu kichwa alichopewa ni cha baba yake. Alimtazama, akafunga mfuko wake, akasema, "Sawa, Mzee." Na tangu siku ile akamwita Mzee. Tena si mzee kwa maana ile ya vijana wanaosema "mzee wangu" wakimaanisha baba. Mzee, kama anavyoitwa mtu yeyote mwenye mvi anayepishwa kiti hospitalini. Akinipigia simu huniuliza, "Mzee hajambo?" nami hujibu kwamba hajambo, amenuna kama kawaida.

Penseli zilimlisha. Zilimlisha vizuri tu, hata akanenepa kidogo. Watoto wa mtaa mzima walijifunza sehemu za ua na mifupa ya samaki kwa picha za mpwa wangu. Kwa hiyo sharti lilikuwa limetimia zamani, na mtu mwenye akili angesema, haya, yaishe. Lakini wapi. Binti alingoja baba yake aseme kwamba sharti limetimia. Baba alingoja binti aanze kumwita. Wakawa kama watu wawili waliokutana mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia, ila hawa hawakuwa wanafanya hivyo kwa adabu.

Na msidhani kwamba hakumkumbuka. Mdogo wangu alikuwa na mchezo wake. Humwita mtoto wa jirani, akamwambia alete kitabu cha sayansi aone kama anasoma. Mtoto akileta, yeye hakumuuliza swali hata moja. Hukifungua ukurasa wa mwanzo kabisa, pale wanapoandika kwa herufi ndogo kama chawa nani amechapa na nani amechora, akasoma, akakirudisha. Mtoto wa watu alifikiri babu huyu ana kasoro.

Basi siku moja tukakuta tangazo ukutani mwa duka la dawa. Mafunzo ya kuchora kwa penseli za rangi, kila Jumamosi asubuhi, watu wazima wote wanakaribishwa, na chini jina la binti yake. Mdogo wangu alilisoma, akacheka puani. Akasema watu wazima na akili zao wanakwenda kupaka rangi kama watoto wa chekechea, na kwamba angependa akaone kwa macho yake jinsi wanavyopotezewa muda. Nikamwambia aende basi akaone. Akasema hawezi kwenda peke yake, watu watamfikiriaje. Ndivyo nilivyojikuta, mimi mwenye magoti haya, napanda ngazi za duka la magodoro kila Jumamosi, kwa sababu mwanamume mzima anaogopa kumsalimia mtoto wake bila kusindikizwa.

Chumba kilikuwa juu ya duka, na harufu ya magodoro mapya ilipanda nasi. Meza ndefu katikati, viti vya aina saba tofauti, dirisha moja. Mbele, juu ya kitambaa cheupe, palikuwa na bakuli jeupe na biringanya moja kubwa, limewashiwa taa upande mmoja kama mshukiwa kituoni. Wanafunzi wenzetu wa maana walikuwa wawili. Mmoja daktari wa meno, mtu mpole aliyechonga penseli zake hadi nikajihisi nimefungua mdomo. Mwingine mama mmoja muuza bima, ambaye kila alichoambiwa alikijibu kwa methali. Mwalimu aliposema rangi hupakwa tabaka juu ya tabaka, kidogo kidogo, yeye akatikisa kichwa na kusema haba na haba hujaza kibaba. Alilisema hilo mara nyingi sana siku ile, nami nikambatiza Bi Haba-na-Haba, jina ambalo halijamtoka mpaka leo.

Mpwa wangu aliingia na aproni yenye madoa, penseli imechomekwa kwenye nywele. Akatuona. Sura haikubadilika hata kidogo, na nikakumbuka kichwa kile kimetoka wapi.

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Shangazi. Karibuni, viti ni vile."

Baba yake aliitikia marahaba akilitazama biringanya.

Akaanza kufundisha, na nakiri alifundisha vizuri, ingawa wanafunzi aliopewa hawakustahili. Alisema karatasi hii si laini kama inavyoonekana. Ina vijishimo vidogo vidogo, na rangi hukaa ndani ya vijishimo hivyo. Ukipitisha penseli kwa mkono mwepesi, inagusa vilele tu, na vijishimo vinabaki wazi kwa ajili ya rangi ya pili na ya tatu na ya nne. Ndiyo maana penseli hushikwa kwa nyuma, mbali na ncha, ili mkono usipate nguvu. Biringanya tutaanza na samawati, nyepesi kama pumzi. Juu yake zambarau. Kisha nyekundu iliyoiva, kisha buluu nzito upande wa kivuli. Nyeusi haitumiki kabisa, kwa sababu nyeusi ni rangi ya mtu aliyechoka kutazama. Na ile sehemu inayong'aa, pale taa inapopiga, haichorwi. Inaachwa. Karatasi yenyewe ndiyo mng'aro.

Mdogo wangu alisikiliza yote hayo mikono kifuani. Kisha akaniinamia akanong'ona, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye magodoro, kwamba biringanya ni jeusi, tangu Mungu aliumbe ni jeusi, na samawati imeingiaje hapo. Akachukua penseli nyeusi. Akaishika chini kabisa karibu na ncha, akaegemeza bega, na akaipiga ile karatasi pasi. Sina neno jingine. Alikwenda na kurudi, akarudi na kwenda, mpaka karatasi ikang'aa kama kiatu cha askari. Ncha ilipovunjika, alitoa mfukoni kile kisu chake kidogo alichokuwa akikatia nyuzi kazini, akaanza kuchonga.

"Mzee, si kwa kisu," mwalimu akasema akipita. "Kisu kinaivunja ndani. Kichongeo hicho hapo."

Alikitumia kichongeo kama mtu anayeonja dawa. Alipotaka kuuliza kitu hakuita mwalimu, na jina la mtoto wake hakulitaja. Alikohoa. Alikohoa tena. Daktari wa meno akamsogezea glasi ya maji. Hatimaye mpwa wangu akaja, akaitazama ile lami, akampa penseli ya zambarau, akamwambia ajaribu kuipitisha juu. Penseli ikateleza. Haikuacha alama hata ya bahati mbaya.

"Imeshiba nta," akasema binti yake. "Karatasi ikishashiba haipokei kitu tena, hata uipe rangi nzuri namna gani. Mzee umeanzia mwisho."

Bi Haba-na-Haba akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga.

Mimi biringanya langu lilitoka kama soksi iliyojaa mchanga, lakini mwalimu alisema nina mkono mwepesi. Nilikuwa nimesinzia.

Unaweza kudhani hakurudi. Alirudi, na Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Kila mara alisema anakwenda kwa mara ya mwisho akamalize kuona upuuzi wao. Kila mara alivaa shati lililotoka kupigwa pasi. Alikohoa, akakandamiza, akatoa kisu, akaambiwa "Mzee, si kwa kisu." Binti hakumpendelea wala hakumwonea, alimfundisha kama alivyomfundisha daktari wa meno, na hilo ndilo lililomuuma. Nadhani alitaka angalau achukiwe. Mtu akikuchukia umejua una nafasi kwake. Lakini Mzee wa kiti cha tatu, huyo ni nani?

Siku mambo yalipoharibika tulikuwa bado kwenye biringanya, jipya, maana lile la kwanza lilishazeeka. Tulikuwa tumepaka samawati na zambarau. Penseli za darasa zilikaa kwenye kopo moja la maziwa ya unga, kila mtu anachukua na kurudisha. Mpwa wangu alitufundisha akiwa ametupa mgongo, anapekuapekua kopo, na kwa kuwa hakuona alichokitaka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Kabla hatujaendelea, nataka damu ya mzee. Bila damu ya mzee hapa hatufiki popote."

Nawaapia, ni rangi. Kila aliyewahi kushona sare au kununua uzi anaijua, ile nyekundu nzito inayoelekea kwenye weusi. Sweta ya shule aliyovaa mdogo wangu miaka yake yote ya utoto ilikuwa damu ya mzee, na ni mimi niliyeifua. Neno analijua kuliko anavyolijua jina la mjomba wake. Lakini mtu aliyekwenda mahali akingoja kutukanwa, atasikia tusi hata kwenye salamu. Na mzee mle ndani alikuwa mmoja tu, na tangu miaka hiyo yote huyo binti alikuwa hana jina lingine la kumwita.

Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Umeshainywa yote. Unataka nini tena?"

Daktari wa meno alikuwa ameinua penseli na akabaki ameiinua. Binti aligeuka polepole, uso wake umejaa mshangao, na nikaona anavyoyaelewa maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine. Mkononi alikuwa na kipande cha penseli kilichokwisha, kifupi kama ukucha. Akakiinua.

"Ni rangi, Mzee," akasema. "Hiki ndicho kilichobaki."

Mdogo wangu alikitazama kile kipande. Alichukua kofia, akashuka ngazi, na nikasikia akigongana na magodoro kule chini. Kuokota kiti, kukusanya penseli zake na kuwaomba watu radhi, hayo aliniachia mimi. Ukubwa jalala. Mpwa wangu alisimama dirishani kidogo, kisha akarudi akatufundisha jinsi ya kupata nyekundu nzito kwa kuchanganya nyekundu na kijani, na sauti yake ilikuwa nyembamba, na hakuna aliyejifunza chochote.

Nyumbani nilimwambia yote niliyokuwa nayo kifuani, na mengine niliyoazima. Nilimkumbusha sweta. Nilimuuliza ni nani aliyemnywa mwenzake, yeye aliyempa mtoto chakula na shule kama kila baba duniani, au mtoto aliyefutiwa baba kwa sentensi moja, mtu ana kijiko mkononi. Akasema yule alifanya kusudi. Nikasema hakufanya. Akasema basi, hata kama hakufanya. Hapo nikajua kwamba anajua, na nikamwacha na ujinga wake.

Jumamosi iliyofuata hatukwenda. Alikwenda sokoni badala yake, akarudi na biringanya moja na boksi la penseli. Akakunja shuka jeupe vizuri, akaliweka biringanya juu yake mezani, akasogeza taa. Tukala kwa sahani tulizopakata mapajani. Siku zikapita, biringanya likaanza kusinyaa, nikataka nilipike kabla halijawa msiba, akanikatalia kama nimetaka kumpika mgeni. Aliliacha mpaka likanuka. Alipomaliza picha yake akaiegemeza ukutani karibu na redio, hakuniuliza naionaje, akakaa anaiangalia kutoka kitini akijifanya anasikiliza habari.

Haikuwa mbaya, na hilo liliniudhi. Ilikuwa imekandamizwa, bila shaka, mkono wa pasi haufi, lakini safari hii ungeweza kulitambua biringanya bila kuambiwa. Kisha, baada ya siku chache, picha ikaota ukungu. Weupeweupe ukapanda juu ya rangi yote nzito, kama vumbi la unga, kama kitu kilichosahauliwa kabatini. Alipuliza, haukutoka. Akasema penseli ni feki. Akasema na karatasi ni feki. Nikamwambia siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Aliigeuza picha ikatazama ukuta, akazima redio.

Nataka niseme wazi kwa nini niliichukua. Sikuichukua kwa wema. Alipokwenda kunyoa nywele, niliiweka kwenye mfuko nikapanda gari mpaka kwa mpwa wangu, kwa sababu nilitaka mtu wa kucheka naye. Niliona mtoto huyo ana haki ya kumcheka baba yake angalau mara moja, na mimi, niliyeishi na yule mtu, nina haki mara mia.

Mpwa wangu anakaa kwenye chumba kimoja chenye meza kubwa kuliko kitanda. Nilimkuta anachora ini la ng'ombe kwa ajili ya darasa la sita. Nikaitoa picha, nikaiweka juu ya ini, nikasema, haya, tazama Bwana Pasi amelizika biringanya na sanda yake. Nikangoja.

Hakucheka. Aliivuta taa. Aliiangalia picha muda mrefu, ameinama, bila kuigusa. Kisha akafungua droo akatoa kipande cha fulana kuukuu, akakikunja kidoleni, akaanza kuifuta, duara ndogo ndogo, kwa mkono mwepesi kabisa. Ukungu ukatoka. Chini yake zambarau ikajitokeza, na nyekundu ile nzito, na buluu ya kivuli, kila kitu kilikuwepo.

"Ni nta tu, Shangazi," akasema. "Mtu akikandamiza sana, nta inapanda juu baada ya siku chache. Haijaharibika. Inafutika."

Nikasema hata hivyo amesahau kulipaka pale katikati, ameacha tundu jeupe. Akaweka kidole karibu na lile jeupe, bila kuligusa.

"Hajasahau. Nilisema mng'aro hauchorwi, unaachwa. Kakandamiza kila mahali, lakini hapa kaacha." Akakikunja kile kipande cha fulana. "Amenisikiliza."

Nilikuwa nimebeba kicheko changu njia nzima, nikarudi nacho hakijatumika, kama mwavuli wa siku isiyonyesha. Kabla sijatoka mpwa wangu aliniomba nisimwambie Mzee alichokisema. Nikamwahidi.

Nilimwambia kabla sijavua viatu. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, kichwa kimenyolewa, anatafuta picha yake nyuma ya redio. Nikaitoa kwenye mfuko nikampa. Akaona rangi zake zimerudi. Nikamweleza habari ya nta na fulana, naye akauliza swali moja, akaliuliza mara mbili: alisema inafutika? Nikamjibu ndiyo, alisema inafutika. Kisha nikamweleza habari ya pale peupe na neno aliloambatisha. Mdogo wangu akaiweka picha mezani, akaingia bafuni, akafungulia bomba, na maji yakatiririka muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kunawa. Nilimgongea nikamwambia maji si ya bure. Ningesema nini?

Jumamosi alivaa shati ambalo mkunjo wa mkono wake ungeweza kukata mkate. Nilimuuliza tunakwenda wapi, akasema nisijifanye mjinga. Tukapanda ngazi. Safari hii kulikuwa na vitunguu mezani, vyekundu, na lile bakuli. Daktari wa meno alitusalimia kwa uangalifu, kama mtu anayeligusa jino bovu. Bi Haba-na-Haba, kwa rehema ya Mungu, alikuwa anatafuta miwani.

Mdogo wangu hakwenda kwenye kiti chake. Alikwenda mbele. Mpwa wangu alikuwa anapanga vitunguu, akamwona, akasimama wima. Nikamwona baba mtu anavuta pumzi, nikajua anataka kukohoa, na nikajiapiza kwamba akikohoa nitamrushia kiatu.

"Mwalimu," akasema.

Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa kitu kilichokunjwa ndani ya karatasi laini, akakikunjua. Ilikuwa penseli mpya, nyekundu ile nzito inayoelekea kwenye weusi.

"Mwalimu, nimekuletea damu ya mzee."

Daktari wa meno aliyatazama mapaja yake. Mpwa wangu aliipokea ile penseli kwa mikono miwili. Akaigeuza, akaijaribu pembeni mwa karatasi, mstari mmoja, mwepesi. Midomo yake ilikuwa imebanwa. Nikawaza, sema sasa, mtoto we, mdomo umeumbiwa nini.

"Asante, Mzee," akasema. "Kaa, tunaanza."

Nikataka kuwazaba vibao wote wawili. Mdogo wangu alirudi, akakaa karibu yangu, akaweka mikono juu ya meza. Hakununa. Hilo ndilo lilinitia hofu, maana sijawahi kumwona amekosa kitu bila kununa. Alisikiliza maelezo ya vitunguu mwanzo hadi mwisho: kwanza rangi ya malai, kisha waridi, kisha zambarau kwa kufuata mistari ya ganda. Akachukua penseli. Akaishika nyuma, mbali na ncha, kama alivyofundishwa. Mstari wa kwanza ulikuwa mwepesi, na wa pili. Wa tatu mkono ukasahau, ukarudi kazini kwake, ukakandamiza, na ncha ikavunjika kwa mlio ambao sote tuliusikia.

Akashusha pumzi. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kisu, akakifungua.

Mpwa wangu alikuwa upande wa pili wa chumba, ametupa mgongo, amemwinamia Bi Haba-na-Haba anamwonyesha jinsi ganda linavyopinda. Hakugeuka. Mlio wa kisu kile ameusikia tangu anatambaa.

"Baba, si kwa kisu."

Na akaendelea na ganda la kitunguu, kana kwamba hakusema kitu, na huenda hata yeye hakujua kwamba amesema. Daktari wa meno alichora. Chini, mtu alikuwa anauliza bei ya godoro la watu wawili. Mdogo wangu alikifunga kisu, akakirudisha mfukoni, akaanza kutafuta kichongeo. Kilikuwa mbele yake kabisa, lakini alikuwa hakioni. Nikamsogezea.